Kompyuta ya michezo inapopoteza kasi ghafla: Ya kuangalia kabla ya kununua kadi mpya

WAPENZI wa michezo ya kompyuta wanaifahamu vema hali hii. Mchezo uliokuwa ukienda vizuri jana, leo unakwamakwama. Mchezaji wa mpira anaonekana kuruka kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine bila kupita katikati, na gari lililokuwa likikata kona kwa wepesi linachelewa kutii usukani.

Hakuna kilichoanguka wala kuungua, na kompyuta inawaka kama kawaida. Kinachofuata mara nyingi ni safari ya dukani, ambako mwenye mashine huambiwa kuwa kadi yake ya picha imezeeka na kwamba dawa pekee ni kununua nyingine.

Ushauri huo ni wa gharama, na mara nyingi si sahihi. Katika kompyuta nyingi za mezani zinazotumika kwa michezo, kadi ya picha ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, na kifaa hicho hakizeeki kwa usiku mmoja. Kadi inayokaribia kufa kwa kawaida hutoa dalili nyingine: michirizi na madoadoa kwenye skrini, rangi zisizoeleweka, kompyuta kujizima katikati ya mchezo au skrini kubaki nyeusi.

Kasi inaposhuka ghafla ilhali picha bado ni safi, chanzo huwa mahali pengine. Huweza kuwa joto, mipangilio iliyobadilika bila mwenyewe kujua, sasisho la programu lililoingia usiku, au programu nyingine inayokula nguvu ya mashine kisirisiri. Mengi ya hayo hutengenezeka bila kununua chochote, au kwa fedha kidogo mno.

Nani anasubiriwa?

Mchezo wa kompyuta ni mfululizo wa picha zinazochorwa upya mara nyingi kila sekunde. Picha hizo huitwa fremu. Mashine inayotoa fremu 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila moja. Ikitumia milisekunde 33.3, fremu hushuka hadi 30, na hapo jicho la mchezaji aliyezoea huona tofauti mara moja.

Kazi hiyo hufanywa kwa ushirikiano. Prosesa hukokotoa nani yuko wapi na mpira unaelekea wapi, kadi ya picha huchora, kumbukumbu ya muda, yaani RAM, hushika vitu vinavyohitajika kwa haraka, na diski huleta vilivyohifadhiwa. Mmoja akichelewa, wengine wote humsubiri. Kwa hiyo, swali la kwanza ni kujua anayesubiriwa ni nani, kwa kuwa mwenye kuchelewa si lazima awe ameharibika.

Swali hilo lina njia rahisi ya kujibiwa. Kwenye Windows 10 na 11, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi G hufungua kidirisha kinachoweza kuonyesha fremu, matumizi ya prosesa, ya kadi ya picha na ya RAM wakati mchezo ukiendelea. Programu ya bure iitwayo HWiNFO huenda mbali zaidi, kwani huonyesha pia joto na mwendo wa kila kifaa.

Iwapo kadi ya picha inatumika kwa asilimia 95 hadi 100, joto lake ni la kawaida na mwendo wake ni ule ule wa siku zote, basi kadi ni nzima na inafanya kazi yote iliyopewa. Kilichobadilika ni uzito wa kazi yenyewe. Pengine mchezo umesasishwa na kupandisha ubora wa picha, au mtu mwingine wa nyumbani amegusa mipangilio.

Iwapo matumizi ya kadi yako chini, tuseme asilimia 50, huku fremu zikiwa chache, kadi hiyo imekaa bure ikisubiri. Tatizo litafutwe kwenye prosesa, RAM, diski au kwenye kikomo cha fremu kilichowekwa ndani ya mchezo. Kumnunulia kadi mpya mwenye kompyuta ya namna hii ni sawa na kuongeza mpishi wakati sokoni hakujaletwa mchele.

Hali ya tatu ndiyo inayodanganya wengi. Matumizi yanasoma asilimia 99, lakini mwendo wa kadi, unaopimwa kwa megahezi, umeshuka mbali na kawaida yake. Hiyo ni kadi iliyojifunga breki yenyewe, ama kwa sababu ya joto au kwa kutopata umeme wa kutosha.

Jambo moja zaidi huchanganya. Michezo mingi ina mpangilio wa kuoanisha fremu na mwendo wa skrini. Katika baadhi ya michezo, mpangilio huo ukiwashwa kwenye skrini ya hezi 60, mashine inayoshindwa kidogo tu kufikia fremu 60 huangushwa moja kwa moja hadi 30. Anguko linaonekana kubwa mno, ilhali upungufu halisi ni wa fremu tano au sita.

Joto, mtuhumiwa wa kwanza

Muda wa kuanza kwa tatizo husema mengi. Mchezo unaoanza vizuri kisha kuchoka baada ya dakika 10 au 20 karibu kila mara unalalamikia joto. Unaokwama tangu sekunde ya kwanza una shida nyingine.

Prosesa na kadi za picha za kisasa zimetengenezwa kujilinda. Joto likifikia kikomo, hupunguza mwendo wake ili zisiungue, na mchezaji huliona hilo kama kukwama. Kwa prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani, kikomo hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi. Prosesa za Ryzen mfululizo wa 7000, ambazo AMD ilizitoa mwaka 2022, zimeundwa kuweza kufanya kazi hadi nyuzi 95, hivyo kuona tarakimu hiyo peke yake si ushahidi wa ubovu. Kadi nyingi za picha huanza kujizuia zikiwa kwenye nyuzi 80 na zaidi.

Kwa wakazi wa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hesabu hii huanza vibaya. Feni za kompyuta hazitengenezi baridi, bali huondoa joto kwa kutumia hewa ya chumbani. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja ndani ya mashine. Kadi inayofanya kazi kwa nyuzi 78 katika chumba cha nyuzi 22, itakaribia nyuzi 88 katika chumba cha nyuzi 32. Kompyuta iliyokuwa salama mwezi Julai inaweza kuanza kulegea mwezi Januari bila kuguswa na mtu.

Halafu kuna vumbi. Vumbi linaloonekana kwa nje si tatizo kubwa. Lenye madhara ni lile linalojibana kati ya feni na mapezi ya chuma yaliyo chini yake, likafanya utando mzito kama kitambaa cha sufi. Feni huzunguka na kupiga kelele, lakini hewa haipiti. Mwenye kompyuta anayechungulia pembeni huona feni ikizunguka na kuamini kuwa yote ni salama.

Kusafisha kunataka uangalifu. Waya wa umeme uchomolewe kwanza, feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, na hewa ipulizwe kwa vipindi vifupi. Blowa yenye nguvu huweza kuizungusha feni kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Mashine ya kunyonya vumbi ya sebuleni nayo si rafiki wa vifaa hivi, kwani huzalisha umeme tuli.

Kati ya prosesa na chuma cha kuipoza hupakwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Grisi hiyo hukauka baada ya miaka kadhaa, na katika kompyuta zilizotumika zinazoingizwa kutoka nje si ajabu kukuta ile ya kiwandani haijawahi kubadilishwa. Ya zamani hufutwa kwa spiriti, na mpya hupakwa kiasi cha punje ya dengu. Kuijaza mno hakuongezi ubaridi.

Wanaotumia vipozeo vya maji wakumbuke kuwa pampu hufa kimya kimya. Dalili yake ni joto la prosesa kupanda hadi kikomo ndani ya dakika moja au mbili tangu mchezo kuanza, wakati feni zote zinazunguka.

Lipo pia suala la mahali. Makasha mengi ya sasa hutolea hewa ya moto kwa juu na nyuma. Kuitandikia kompyuta kitambaa cha kufuma, kama ilivyokuwa desturi kwa redio na televisheni, ni kuziba pua zake. Kuisukumia ndani ya kabati la meza au kuibana ukutani kuna matokeo hayo hayo. Kipimo cha bure ni kufungua ubavu wa kasha na kucheza kwa nusu saa. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, kosa liko kwenye njia ya hewa, na hakuna kifaa cha kununua isipokuwa labda feni moja ya kasha.

Umeme ukikatika

Wapo wanaoamini kuwa umeme mdogo wa mtaani ndio unaoipunguzia kompyuta kasi. Imani hiyo ina mantiki ya feni ya dari, ambayo kweli hulegea umeme unapopungua, lakini kompyuta haifanyi hivyo. Pawa saplai ya ndani ama huendelea kutoa volti zinazotakiwa, au hushindwa na mashine hujizima.

Hata hivyo, kukatika kwa umeme kunaweza kupunguza kasi kwa njia isiyotarajiwa. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa na, katika bodi nyingi, mipangilio ya msingi wakati mashine haina umeme. Betri hiyo ikiisha, umeme wa nyumbani ukikatika mipangilio yote hurudi ilivyokuwa kiwandani.

Miongoni mwa vinavyopotea ni mwendo wa RAM. Kumbukumbu za aina ya DDR4 zinazouzwa kwa mwendo wa 3200 mara nyingi huanza na 2133 au 2400 mpaka mtumiaji awashe mpangilio uitwao XMP, au EXPO kwa DDR5 zilizotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD. Mpangilio huo ukifutika, mchezo unaotegemea sana prosesa huhisi mara moja, na mwenye mashine hushangaa kwa nini kila baada ya giza la mtaa mzima kompyuta yake huamka imechoka.

Dalili ya wazi ni saa ya kompyuta kurudi nyuma, wakati mwingine kwa miaka mingi. Tiba ni betri ya bei ndogo, ya aina ile ile inayowekwa kwenye mizani ya jikoni na baadhi ya rimoti za magari, kisha kuingia kwenye BIOS na kuwasha upya mpangilio uliofutika. Kusasisha BIOS nako huweza kuleta matokeo hayo hayo hata kama betri ni mpya.

Tatizo linaloanza baada ya kompyuta kuhamishwa au kusafishwa lina watuhumiwa wake. Wa kwanza ni waya wa skrini uliochomekwa kwenye tundu la ubao mkuu badala ya tundu la kadi ya picha. Picha hutoka kama kawaida, lakini huchorwa na uwezo mdogo uliomo ndani ya prosesa, huku kadi ya bei mbaya ikipumzika. Mafundi hukutana na kisa hiki mara nyingi kuliko wenye kompyuta wanavyopenda kukiri. Wa pili ni kipande cha RAM kilicholegea, hivyo mashine yenye gigabaiti 16 ikaona 8 tu. Zote mbili huonekana kwenye Task Manager kwa muda usiozidi dakika moja.

Sasisho linapoleta maradhi

Kasi inayoshuka asubuhi moja katika michezo yote, bila dalili ya joto, inahitaji kuangaliwa kwenye orodha ya masasisho. Si dhana tu. Kampuni kubwa zimekiri mara kadhaa kuwa programu zao ziliwaharibia wachezaji.

Machi 2010 kampuni ya NVIDIA iliiondoa draiva yake namba 196.75 baada ya malalamiko kuwa haikuwa ikiendesha ipasavyo feni za baadhi ya kadi, jambo lililozifanya zipate joto kupita kiasi. Oktoba 2021, siku chache baada ya Windows 11 kutoka, AMD ilitangaza kuwa mfumo huo ulichelewesha kumbukumbu ya ndani ya prosesa za Ryzen, na kwamba baadhi ya michezo ya ushindani ingeweza kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya kasi. Marekebisho yalitolewa ndani ya mwezi huo huo.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha mwaka 2025. Sasisho la Windows 11 la Oktoba mwaka huo, lenye namba KB5066835, lilipunguza kasi ya baadhi ya michezo, na mwezi uliofuata NVIDIA ikatoa draiva ya dharura namba 581.94 kukabiliana na hali hiyo. Aliyekimbilia kununua kadi mpya katika wiki hizo alinunua kadi ambayo nayo ingekutana na tatizo lile lile.

Draiva ya kadi ya picha inaweza kurudishwa ya awali kupitia Device Manager, na sasisho la Windows linaweza kuondolewa kwa muda kupitia historia ya masasisho. Neno la msingi hapo ni muda. Masasisho hayo hubeba pia kinga za usalama, na kompyuta inayotumika kwa michezo jioni mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayofungua akaunti ya benki asubuhi.

Aidha, baada ya draiva mpya kuwekwa, michezo mingi hulazimika kuandaa upya vijiprogramu vinavyochora mwanga na vivuli. Kazi hiyo huleta mikwamo mifupi katika saa za mwanzo, kisha hupotea. Si busara kuihukumu draiva kwa mechi ya kwanza.

Upo pia ulinzi wa Windows 11 uitwao Memory Integrity. Mwaka 2022 Microsoft ilikiri kuwa unaweza kupunguza kasi ya michezo kwenye baadhi ya mashine, na ikaeleza namna ya kuuzima. Iliongeza kuwa anayeuzima anabaki wazi zaidi kwa mashambulizi, tahadhari ambayo video nyingi za mafunzo huiruka.

Mgeni asiyealikwa

Michezo ya kunakiliwa ina gharama ambayo haiandikwi kwenye bei. Juni 2021 kampuni ya usalama ya Avast ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoipa jina Crackonosh, iliyosambazwa ndani ya nakala zisizo halali za michezo maarufu ikiwamo Grand Theft Auto V, NBA 2K19 na Pro Evolution Soccer 2018. Kazi yake ilikuwa kutumia kompyuta za watu kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero.

Avast ilikadiria kuwa kompyuta zaidi ya 222,000 ziliambukizwa na kwamba waanzilishi walijipatia zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Programu hiyo ilizima pia kinga za virusi na masasisho ya Windows, ili isisumbuliwe.

Mchimbaji wa namna hii hula nguvu ile ile inayohitajiwa na mchezo. Wengine wameandikwa kwa ujanja wa kusimama mara tu Task Manager inapofunguliwa, na kuendelea inapofungwa. Kwa hiyo, mashine inayopiga kelele ikiwa haina kazi yoyote, kisha kunyamaza ghafla pale mtumiaji anapofungua Task Manager, inastahili kushukiwa. Ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla ya Windows kuwaka ni mahali pazuri pa kuanzia, na katika maambukizi mazito njia ya uhakika ni kuweka Windows upya baada ya kuhifadhi kazi na picha za familia kwingine.

Diski nayo ikaguliwe iwapo kukwama kunatokea zaidi mchezaji anapoingia eneo jipya la mchezo. Diski za SSD hupunguza mwendo zikikaribia kujaa, na diski za zamani zenye kuzunguka huanza kusuasua kabla ya kufa. Katika hali hiyo ya pili, kunakili mafaili muhimu kutangulie kabla ya kuhangaikia fremu.

Katika hatua zote hizi, kinachowaponza wengi ni haraka. Mtu hubadilisha draiva, husafisha vumbi na kupunguza ubora wa picha kwa siku moja, kisha hajui kipi kimesaidia. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, fremu zipimwe katika sehemu ile ile ya mchezo ule ule, na tarakimu ziandikwe kwenye karatasi.

Anayeamua kwenda kwa fundi anayo haki ya kuomba jaribio moja kabla ya kulipa: kadi yake ichomekwe kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, au kadi nzima ya fundi ichomekwe kwenye kompyuta yake. Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa. Kadi ikionekana kuwa na hitilafu kweli, kabla ya kununua nyingine ni lazima kuangalia uwezo wa pawa saplai iliyopo, kwa kuwa kadi kubwa kwenye pawa saplai ndogo itaizima kompyuta mchezo unapokolea.